Taa Ikizimika, Nani Kaizima?

Assalamu alaykum. Nimepewa dakika kumi, na mbili zishaliwa na waya wa projekta. Haidhuru. Neno langu leo ni vipimo vya kung'aa vya kutambua risasi, ile metali yenye sumu, katika maji. Nimekuja na kitochi cha zambarau, hiki cha wenye maduka cha kukagulia noti, chupa ya maji ya toniki na chumvi ya jikoni. Zimeni taa.

Mwaona ile buluu? Ni kwinini, dawa chungu iliyomo tonikini: yameza mwanga msiouona, yatoa mnaouona. Sasa natia chumvi kijiko kimoja, nakoroga... Haya. Buluu imefifia. Kloridi iliyomo chumvini imeinyang'anya kwinini nguvu kabla haijang'aa. Risasi hamna humu, hata chembe!

Basi aje mtu akuuzie kipimo cha risasi: “mng'ao ukizimika, maji ni sumu.” Akipeleke Likoni, Kisauni, popote pwani hii penye kisima cha maji ya munyu. Kila kisima kitapatikana na hatia. Ndiyo maana vipimo vya kuzimika vilivyojaribiwa kwa maji safi ya maabara peke yake vinanipandisha presha, na wanafunzi wangu wamechoka kunisikia.

Mtaniambia zebaki yenyewe ni mzimaji kwa maumbile yake. Kweli. Lakini gizani wazimaji wote wanafanana. Mimi nataka kipimo kinachowaka.

Mwaka 1967 Charles Pedersen alitangaza etha za taji: molekuli za mviringo, katikati zina tundu la kukaliwa na ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, ya kimo chake. Taji lenye naitrojeni ukiliunga na rangi ing'aayo, elektroni za naitrojeni huruka na kuuzima mng'ao. Ioni ikiketi tunduni, elektroni hizo hushughulika na mgeni, rangi ikawaka. Na mgeni hakugongomewa msumari. Unaweza kumtoa, ukapima tena.

Ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, siyarudii, mwayajua kunishinda. Ila risasi katika maji haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuitoi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Gramu moja yafikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho.

Kadmiamu, metali nyingine ya sumu... naonyeshwa saa. Tuiruke. Bi mkubwa pale nyuma, hayo ya chupani ni ya kisimani kwako? Niletee kabla hawajawasha taa. Toniki vikombe viwili: kimoja natia yako, kingine kiasi kilekile cha maji ya dukani. Kitochi shika wewe.