Vidole vitatu vya maji: mhadhara kwa viongozi wa mitaa kuhusu mazalia ya mbu Dodoma

Mbukwenyi!

Wenyeviti wa mitaa, watendaji, mabalozi, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao ndio mtakaoingia matopeni, asanteni kwa kufika. Habari za chandarua mnazijua, sizirudii. Leo ni maji.

Kila mvua za Desemba zikishika, tangazo mitaani ni lilelile: fyekeni majani, mbu wamezidi. Watu wanatoka na mafyekeo, mahindi ya karibu na nyumba yanakatwa, na usiku mbu ni walewale. Kufyeka ni usafi, nyoka anakaa mbali, sina ugomvi nako. Ila mbu hazaliwi kwenye jani, hapo anapumzika tu. Anazaliwa majini. Na mbu wa malaria aliyezoea nchi kavu kama hii yetu, Anopheles arabiensis, anapenda maji ya kina kifupi, yanayopigwa jua, yasiyo na samaki. Ukifyeka kivuli kilicholifunika dimbwi, halafu dimbwi lenyewe ukaliacha, umemrahisishia kazi.

Jua linamsaidiaje? Maji yakifika nyuzi 25 hadi 30, yai linaanguliwa kwa siku mbili au tatu, viluwiluwi wanakula mwani unaooteshwa na jua hilohilo, wanakuwa pupa, na siku mbili baadaye mbu anaruka. Jumla siku 7 hadi 10. Maji yakipoa chini ya nyuzi 16, ukuaji unasimama. Tena dimbwi jipya halina adui: kereng'ende, ambaye watoto wake wanakula viluwiluwi, anachelewa kulifikia.

Sasa shikeni hesabu hii, maana ndiyo iliyonileta. Jua na upepo wa Dodoma huondoa milimita 5 hadi 7 za maji kwa siku. Dimbwi la kina cha sentimita 3 halimalizi wiki, viluwiluwi wanafia kwenye tope. Dimbwi la sentimita 5 linakaa siku 7 hadi 10, na hapo mbu anawahi kuruka. Sentimita 5 ni vidole vitatu vya mtu mzima vikibanwa pamoja. Basi chomeka kijiti palipo na kina kirefu kuliko pote, kitoe, pima sehemu iliyolowa. Vidole vitatu au zaidi, hilo ni zalio. Chini ya hapo, liache, nenda lingine. Mtaa una madimbwi mia, nguvu kazi unayo ya kumi, lazima uchague.

Najua kuna anayejiuliza: na mvua ikinyesha tena siku ya nne? Swali zuri. Hesabu inaanza upya, na viluwiluwi hawaanzi upya. Tope likiwa bichi, wanavumilia siku kadhaa, na mayai huvumilia zaidi yao. Kwa hiyo pima mvua inapokatika, kisha rudi siku ya tatu. Na hesabu hii ni ya udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata. Kwenye kichanga chekundu maji huzama kabla jua halijayamaliza, isipokuwa pale magurudumu ya malori yalipoushindilia.

Tuje kwenye mashimo ya tofali. Mji unajengwa, tofali zinafyatuliwa, na anayefyatua anafuata udongo unaoshika maji. Maana yake kila tanuri linaacha nyuma yake bakuli la mfinyanzi. Tazama shimo moja kwa karibu. Katikati maji yanafika gotini, yana rangi ya chai ya maziwa; humo viluwiluwi si wengi. Wengi wako pembezoni, kwenye ngazi zilizoachwa na jembe na nyayo za mafundi, kila unyayo kikombe chake. Inama utazame: wa malaria analala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kilichoangushwa. Mbu wengine wananing'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu wana kibomba cha kupumulia. Dalili hiyo haihitaji darubini.

Kosa ninalolikuta tena na tena ni kulifukia shimo nusu. Mnamwaga vifusi viwili vitatu, mnaondoka. Lilikuwa shimo moja lenye kina, sasa ni visahani ishirini vya vidole vinne vinne, vyenye joto zuri. Mmezidisha mbu. Kosa la pili ni kufukia kwa takataka: mifuko na makopo yanashika maji ndani, taka zinaoza, udongo unatitia, na msimu ujao dimbwi limerudi. Ukifukia, tumia tofali zilizovunjika chini na udongo juu, shindilia kila sentimita 20, maliza kwa kilima cha sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu utashuka. Kama udongo hautoshi, chimba mfereji wa kutolea maji wenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na sakafu ya shimo yote iinamie mfereji. Mfereji usio na mteremko ni dimbwi refu, basi. Na mwenyekiti, kubaliana na wafyatuaji mapema: hakuna kufungua shimo jipya kabla la zamani halijafukiwa. Wakishahama, humpati mtu.

Ndugu yake shimo la tofali ni birika la kunyweshea ng'ombe. Maji yanamwagika, ng'ombe wanakanyaga, kila kwato inaacha kikombe cha vidole vitatu hadi vinne, na hii ni hata mwezi Agosti, mvua hakuna. Mbu wa kiangazi ndio mbegu ya wale wa masika. Mwaga kokoto mita 3 kuzunguka birika, maji yanayomwagika yaelekeze kwenye shimo lililojazwa mawe. Bomba linalovuja mashambani kwa wakulima wa zabibu ni vilevile: kazeni kiungo.

Muda unanikimbia, niseme haraka. Oili chafu ya kumwagia madimbwi: upepo wetu unaisukumia upande mmoja, upande wa pili viluwiluwi wanapumua, na mbuzi anakuja kunywa. Acheni. Viuadudu vya Kibaha, dawa ya bakteria ya kuulia viluwiluwi inayotengenezwa kiwandani huko, vinafaa, lakini lazima kiluwiluwi avile, na pupa hali kitu. Ukichelewa umepoteza dawa. Fuateni kipimo cha kwenye chombo, na mrudie baada ya wiki.

Mapipa, matangi na matairi ni ya Aedes, mbu wa dengi, anayeuma mchana. Anabandika mayai ukutani juu ya maji, na yakikauka yanakaa miezi. Kumwaga maji hakutoshi, sugua ukuta kwa brashi kila wiki, kisha funika. Vyoo na makaro ni ya Culex, mbu wa maji machafu: weka wavu juu ya bomba la hewa, ziba nyufa. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoupiga sana mkoa huu mwaka 2007, nayo hupitia mayai ya Aedes yanayongoja mafuriko kwenye mbuga, ila hiyo inataka siku yake pamoja na watu wa mifugo.

Sasa chukueni kata nyeupe hizo, kila moja ni mililita 350. Simama jua likiwa mbele yako ili kivuli kisitangulie. Viluwiluwi wakiona kivuli wanazama. Ngoja dakika mbili. Inamisha kata nusu, ingiza taratibu pembezoni, penye nyasi na nyayo, usichote katikati. Chota mara kumi, hesabu, andika tarehe na kina. Tunaanza na shimo la nyuma ya ukumbi huu, wenye viatu vya mvua tangulieni.