Risasi Moja Barabarani: Kifo kwenye Michezo ya Vita ya Mezani

NEEMA: Karibuni tena mezani. Mimi ni Neema, niko na kaka Juma, na leo tunalo jambo lililotugombanisha tangu mchezo wetu uliopita wa vita, ule ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu inaamua: mhusika afe vipi. Juma, anza wewe, maana mhusika aliyekufa alikuwa wako.

JUMA: Alikufa zamu ya pili, dada. Miezi minne namlea yule tabibu wa kikosi. Akavuka barabara, rashasha ikalia, dadu ikakataa, basi. Na kufa kwake siyo kulikoniuma. Ni mchezo wa vita, watu watakufa. Kilichoniuma ni kwamba sikupata nafasi ya kuamua lolote. Sikujua kuna mtu dirishani, wala hukuniuliza navuka vipi.

NEEMA: Na mwendeshaji, yule anayesimulia hali na kuwachezesha maadui, nilikuwa mimi. Nilijiambia huu ndio uhalisia, risasi haibishi hodi. Nimeliwaza sana baadaye, nitalirudia.

JUMA: Kwanza tuseme tulikotoka. Kwenye Chainmail, sheria za 1971 za kupiganisha vinyago vya askari, askari wa kawaida akipigwa pigo moja anaondolewa. Shujaa ndiye alihesabiwa sawa na watu wanne. Mbunifu wa michezo Dave Arneson alipompa kila mchezaji mhusika wake mmoja, watu hawakufurahi kumpoteza kwa pigo moja. Akaazima hesabu kutoka kwenye mchezo wake wa manowari za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ndizo pointi za uhai, zinazopungua kila ukipigwa, zilizokuja kuingia kwenye mchezo wa mapanga na majoka wa Dungeons & Dragons mwaka 1974.

NEEMA: Yaani mwili wa mtu tunauhesabu kama meli. Na meli inaweza kutobolewa mara tano ikaendelea kufyatua mizinga. Ndiyo maana mhusika mwenye pointi 60 akibakiwa na 1 anakimbia na kuruka ukuta kama hajaguswa. Kwenye hadithi za mapanga na majoka sina neno. Ila ukiweka bunduki mezani, kitu kinavunjika.

JUMA: Ndipo wakaja watu wa majedwali. Phoenix Command ya 1986, sheria za mapigano ya bunduki, hiyo naipenda kwa dhati. Unatafuta risasi imeingia wapi, imepita kwenye nini, imeharibu kiasi gani. Mtu aliyeiandika aliiheshimu risasi.

NEEMA: Aliiheshimu, nakubali. Lakini sekunde mbili za mapigano zinakula muda mrefu wa kupekua majedwali, na muda wote huo moyo wa mchezaji umetulia kabisa. Anafanya hesabu. Askari aliye chini ya risasi hafanyi hesabu, kaka. Amebana uso kwenye udongo.

JUMA: Hapo umenishika.

NEEMA: Risasi nyingi vitani hazimpati mtu, na nyingine hazikufyatuliwa zimpate. Zinafyatuliwa ili adui asiinue kichwa wakati wenzako wanazunguka ubavuni. Mchezo ukihesabu tu “imepata” au “imekosa”, rashasha inakuwa bunduki inayofyatua haraka na basi. Angalia Twilight: 2000, mchezo wa askari walionusurika kwenye Vita vya Tatu vya Dunia vya kubuni. Toleo la kwanza la 1984 linawaanzishia wachezaji Poland, karibu na mji wa Kalisz, divisheni yao ya Kimarekani imesambaratika. Toleo la nne, la 2021, limeuweka woga ndani ya sheria. Ukifyatuliwa, hata usipojeruhiwa, unaweza kulazimika kurusha dadu kupima utulivu wako. Ukishindwa, unalala chini na unapoteza nafasi ya kutenda.

JUMA: Na majeraha yake mabaya yana saa. Ukipata jeraha la kuua, hufi papo hapo. Una muda fulani, halafu unarusha dadu kuona kama bado unapumua. Asipokufikia mtu wa kukutibu, unaenda.

NEEMA: Hapo ndipo penyewe! Majeruhi wengi wa vita ambao wangeweza kuokolewa hufa kwa kuvuja damu. Kwa hiyo swali la mezani linakuwa: rafiki yako yuko mita 20 kutoka kwenye ukuta, anaita jina lako, mshipi wa kumfunga paja unao wewe, na dirisha lile bado lina mtu. Hakuna jedwali la mifupa litakalokupa hali hiyo.

JUMA: Lakini risasi ya kichwa ipo, Neema. Usiniondolee kabisa kifo cha ghafla. Kikiondoka, watu wataanza tena kukimbia barabarani kama meli za Arneson.

NEEMA: Siondoi. Kinabaki, ila kije baada ya mtu kuamua. Nilipokosea ni hapo. Ningesema: mtaa umenyamaza, pazia moja la ghorofani linacheza na hakuna upepo, unavuka vipi? Ungesema unavuka kwa moshi, au unatambaa, au unangoja rashasha yetu ilenge lile dirisha kwanza. Halafu dadu ikikuua, imekuua ukiwa umecheza.

JUMA: Ningetambaa. Au hapana, ningengoja moshi.

NEEMA: Basi kuanzia sasa sirushi dadu ya kuua mtu kabla sijaeleza hatari na kuuliza swali. Na kilichotokea sikifuti, maana wenzako walimlilia yule tabibu.

JUMA: Usikifute. Ila nina jambo. Yule tabibu bado amelala pale barabarani, si ndiyo?

NEEMA: Bado yuko pale.

JUMA: Na mkoba wa dawa anao mgongoni. Mishipi yote ya kikosi imo mle.

NEEMA: Yote. Na sajenti wenu paja linavuja. Zamu tatu zimebaki.

JUMA: Pazia?

NEEMA: Limetulia sasa. Unavuka vipi?