Tübingen wanakula bata kwa kalenda

Wadau wa Moshi, mambo vipi. Wakubwa mnaochungulia simu za watoto wenu, shikamooni.

Leo najibu swali mnaloniuliza kila nikiweka video: vijana wa Ujerumani wanakulaje bata? Naona kwenye maoni wengi mnaamini huku kijana akifika chuo ni kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi naona kinyume. Wako huru, sikatai, lakini uhuru wao una ratiba, na ratiba hiyo wamejiwekea wenyewe. Hakuna mzazi aliyesimama nyuma yao.

Kwa wageni wa chaneli: nipo Tübingen, mji mdogo kusini mwa Ujerumani. Moshi na Tübingen ni miji dada tangu 2014. Wakazi ni kama 90,000, na chuo kikuu chao kilianzishwa 1477, kwa hiyo kila unayepishana naye hapa ana begi mgongoni au yuko juu ya baiskeli. Subirini huyu apite... haya.

Tuanze na nyumba. Wengi wakianza chuo wanahama kwao, wala hakuna aliyegombana na mtu. Wanapanga nyumba moja watu watatu au wanne, wavulana kwa wasichana, kila mtu na chumba chake, jiko moja. Wanaiita WG. (Mama, tulia, hili tulishaongea kwenye simu.) Kuingia humo unafanyiwa usaili. Unakalishwa jikoni, unapewa chai, unaulizwa unapika nini, unalala saa ngapi, ukiudhika unasema au unanuna. Ukipita, unakuta karatasi ukutani: nani anaosha choo, nani anatoa taka, na taka zenyewe karatasi kivyake, maganda kivyake, plastiki kivyake. Halafu eneo hili la Waswabia wana kitu kinaitwa Kehrwoche, yaani wiki yako ya kufagia ngazi na mbele ya nyumba. Mvulana wa miaka ishirini anashika fagio bila kusukumwa. Mangi, wewe uliyeoshewa sahani mpaka unamaliza fomu siksi, huku ungelia.

Sasa bata lenyewe. Bia na mvinyo kijana anaruhusiwa kununua akifika miaka 16, pombe kali mpaka 18. Kunywa barabarani hakuna anayekukamata. Nilitegemea vurugu. Jioni za kiangazi vijana wanajaa kwenye ngazi za Stiftskirche, kanisa kubwa la katikati ya mji, ngazi za kanisa kabisa, chupa mkononi, wanapiga stori. Hakuna spika. Ikigonga saa nne usiku ukiendelea na makelele, jirani anapiga simu polisi, na polisi wanakuja kweli. Mtu aliyekulia Pasua, hapo Moshi, katikati ya baa mbili zinazoshindana kwa muziki, ukimya huu mwanzoni unakunyima usingizi.

Na zile chupa hazitupwi. Ya plastiki ina senti 25 za euro, ya bia ya kioo senti 8, unairudishia mashine pale supamaketi na hela yako inarudi. Mwenye uvivu anaiacha pembeni ya pipa, si ndani, ili anayeokota asichokonoe uchafu. Tusijifanye tunashangaa. Sisi si ndio tulitumwa soda dukani na chupa tupu, na ukienda bila chupa unaacha hela? Plastiki ilipokuja tukasahau. Hapa halmashauri imeenda mbali zaidi: tangu Januari 2022 chombo cha kutupa cha chakula au kahawa kina kodi ya senti 50, uma au kijiko senti 20. Mwenye tawi la McDonald's mjini hapa akaenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Katiba ikatangaza kwamba mji una haki. Ndiyo maana mnaona wanafunzi na vikombe vinaning'inia kwenye mabegi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mitumbwi. Ni mirefu, myembamba, inasukumwa kwa upondo kwenye mto Neckar, huu hapa nyuma yangu. Kila mwaka, sikukuu ya Ekaristi, wanafanya mashindano, wamevaa vituko vya kila aina. Watakaoshika mkia wanakunywa mafuta ya ini la samaki, nusu lita kila mmoja, hadharani, na mashindano ya mwaka unaofuata wanayaandaa wao. Nusu lita! Sisi kijiko kimoja tulikuwa tunashikwa na watu wawili.

Nisichokipenda nacho nikiseme. Mgahawani kila mtu analipa alichokula, hata kama yeye ndiye aliyesema "twende tukale". Hilo nimelizoea, linaokoa wenye njaa ya mwisho wa mwezi kama mimi. Lakini kutembeleana kwa miadi, hapana. Rafiki yako anaishi ng'ambo ya barabara, anafungua kalenda kwenye simu, anakwambia Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi. Na saa kumi anagonga mlango, keki mkononi, simu kaizima, anakusikiliza saa tatu nzima. Kwetu Soweto ya Moshi mtu anaingia bila hodi, anakula, nusu ya muda yuko TikTok. Bado namtaka wa Soweto, ila nakiri huyu mwingine ananijua zaidi.

Mdogo wangu wa Majengo uliyeuliza kama ukija utapata marafiki: baa haitakusaidia, utakunywa peke yako. Jiandikishe michezo ya chuo muhula unapoanza. Kuna mpira, densi, kupanda kuta, hata kuogelea, na bei ni ya mwanafunzi. Angalia siku na saa wanayofungua usajili mtandaoni na uwe umekaa tayari, kwa sababu vikundi vinavyopendwa vinajaa haraka. Usichague kitu unachokijua sana. Chagua kile ambacho wote mtaanguka pamoja.