Sukuma kwanza: mtoto wa miaka miwili na gongo la hoki

Haya jamani karibuni, mliosimama kule nyuma sogeeni, viti bado vipo. Nimeombwa niongee kuhusu hoki na watoto wadogo, na nikisema wadogo namaanisha wadogo kweli, mwaka mmoja na nusu mpaka mitatu hivi, wengine bado wako kwenye pampasi. Swali naloulizwa kila siku ni mtoto aanze lini. Mi najibu akishatembea bila kushika ukuta, na akaweza kuinama kuokota kitu bila kudondoka, mpe gongo. Ila usikae ukingoni unasubiri kuona hoki, maana kwa umri huo gongo leo ni ufagio, kesho farasi, keshokutwa analala nalo kitandani, na mi nasema mwache, anazoea kulishika.

Sasa tumwangalie kwa karibu. Umempa gongo, umeweka mpira chini mbele yake. Kitu cha kwanza analishika kwa mikono miwili imebanana pamoja huku juu, cha pili analipandisha nyuma ya bega, analishusha kwa nguvu zote, mpira haujaguswa, gongo limempeleka amezunguka nusu duara na sasa mpira uko nyuma yake. Anaangalia chini, hauoni, anageuka, anauona, anaupiga teke. Wazazi hapo ndo wanaanza kupiga kelele sio hivyooo, na mtoto anatupa gongo anaenda zake.

Shida iko kwenye kupiga. Kupiga kunataka gongo lirudi nyuma kwanza, na huko nyuma kuna uso wa dada yake, halafu kunataka jicho na mkono vifike pamoja kwa wakati mmoja, kitu ambacho mtoto wa miaka miwili hana bado. Kwa hiyo mi nakazania kusukuma. Gongo linaanza likiwa tayari limegusa mpira, hakuna kukosa, anasukuma mpira unaondoka palepale na anaona ni yeye kafanya, utamsikia anavyocheka. Na msidhani hii ni hoki ya kudanganyishia watoto, kwenye hoki ya ndani watu wazima wenyewe sheria inawakataza kupiga, ni kusukuma tu.

Namna ya kumwonyesha, piga magoti nyuma yake, mikono yako juu ya yake, kushoto juu, kulia chini kidogo, gongo lilale kwenye sakafu, sukumeni pamoja mpaka mpira ugonge boksi lililolazwa ubavu, hilo ndo goli. Mara mbili tatu, kisha toa mikono yako. Akirudisha mikono ikabanana tena usimwambie kitu, utarudia siku nyingine.

Wenye watoto wanaotumia mkono wa kushoto naona mmeshaanza kunong'ona. Kwenye hoki ya uwanjani hakuna gongo la mashoto, yote upande bapa uko kushoto na mpira unachezwa kwa upande huo tu, basi. Na wala hawaonewi, maana mkono wa juu ambao ndo unaligeuza gongo ni huohuo wa kushoto. Halafu kwa umri huu wengi hata hawajachagua mkono, leo kijiko kulia kesho kushoto, kwa hiyo msianze kugombana na kitu ambacho hakijakaa sawa.

Vifaa sasa. Gongo la plastiki jepesi, likimfika kiunoni linatosha. Tafadhali msikate gongo la mtu mzima, ufupi sio shida pekee, uzito jamani! Sheria inaruhusu gongo mpaka gramu 737, mtoto ana kilo 12, hiyo ni sawa na wewe wa kilo 70 kukimbia na chuma cha kilo nne na ushee. Mpira uwe wa sponji au wa tenisi, mkubwa kiasi kwamba hauingii mdomoni, vile vidogo vya sentimita nne havifai kabisa kwa walio chini ya miaka mitatu maana vinaweza kumkaba, na sponji nayo akianza kuing'ata itoe, vipande vinamezwa. Ukimletea mpira wenyewe wa hoki, ule mgumu wa gramu 156 mpaka 163, ukimpata mguuni usitegemee atarudi.

Muda, dakika tano. Kumi akiwa na raha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa umri huu wawe kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku, ila hizo ni pamoja na kukimbia na kupanda ngazi na fujo zote, sio ukae nae kwenye hoki masaa matatu. Na wakiwa wawili weka magongo mawili na mipira miwili, msiwalazimishe kupasiana, umri huu kila mmoja anacheza chake pembeni ya mwenzake, mtafiti Mildred Parten aliandika hayo tangu 1932 na mpaka leo ukiwapa mpira mmoja utaona vita.

Miguu je? Najua sheria, mchezaji wa kawaida haruhusiwi kugusa mpira kwa mguu, golikipa tu. Mi naacha apige teke. Kitu pekee ambacho sibembelezi ni gongo kupanda juu ya kiuno, hapo nachukua gongo, nakaa nalo kidogo, namrudishia, bila ukali na bila hotuba. Akipandisha tena nachukua tena.

Dada hapa mbele anauliza lini aende kwa kocha. Angalia vitu viwili, ukisema simama anasimama na gongo chini, na ukisema subiri zamu yako anasubiri hata kama analalamika. Kwa wengi hiyo ni baada ya miaka minne, mitano, na hapo ndo mnaanza kuongelea kinga za ugoko na za meno. Olimpiki ipo tu dada, wanaume wanacheza hoki huko tangu 1908 na wanawake tangu 1980, haitakimbia. Haya, kaka mwenye shati la bluu, pokea maiki.