Mnaouliza Kwa Nini Nilinunua Dau Bovu Marekani, Haya Jibu

Assalaam aleikum, hamjambo jamaa zangu. Leo sipiki wala sizunguki madukani na kamera. Leo najibu swali moja tu, maana tangu niweke ile picha ya boti yangu ya kuwindia bata, swali ni hilo hilo kila siku. Hata mama alikabiliwa nalo arusini: "Mwanao ameacha madau Amu (Lamu), akavuka bahari kwenda kununua dau bovu?" Na likiisha hilo linafuata lingine: "Bei gani?"

Nianze na bei, kwa sababu najua hamtasikia kitu kabla ya bei. Dola 350. Haya pigeni hesabu, ni kama shilingi 45,000 za Kenya. Mmemaliza? Sasa mnaosema najionyesha, hiyo ni zamu mbili na kipande za usiku, nikigeuza wazee kitandani na kubadilisha mashuka. Na mnaosema nalalamika, silalamiki, naeleza.

Niko Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani. Si mbali na kwangu kuna ghuba inaitwa Merrymeeting Bay. Mito sita inakutana pale, mikubwa ni Kennebec na Androscoggin, halafu maji yote yanapita mlango mmoja mwembamba kwenda baharini. Yanakupwa na kujaa kama Amu, tope linabaki wazi kama Amu, lakini hayana chumvi! Siku ya kwanza nilichota kwa kiganja nikaonja, nikachota tena nikaonja. Mzee aliyekuwa akivua pale kando aliniangalia, akasogeza ndoo yake ya samaki. Pale unaota mpunga-mwitu, unampita mtu kimo, na majira ya baridi yakikaribia bata wanaohama kuelekea kusini wanashuka kula.

Hii boti iliundwa kwa ajili ya kuwinda bata hao. Futi 15, ubavu mfupi, ikiwa majini kingo zake haziinuki sana juu ya maji. Hukai ndani yake, unalala chali, miguu kuelekea omo, yaani mbele, kichwa umekiinua kiasi cha kuchungulia tu. Nyuma kwenye shetri kuna tundu lililozungushiwa ngozi, na kasia moja refu linapita humo. Unalishika karibu na bega, unachezesha kifundo cha mkono kama unayeandika nane chini ya maji, nane juu ya nane. Kasia halitoki majini, kwa hiyo hakuna tone linalodondoka, na ile ngozi inameza mlio wa mti. Omo umeifunika majani makavu. Bata akitazama anaona gogo linakuja na maji. Na unamjia upepo ukiwa mgongoni mwako, kwa sababu bata huruka akiukabili upepo. Akishtuka, anaanza kwa kuja upande wako. Ndiyo maana injini haina kazi hapa, na hata sheria hairuhusu kumpiga bata ukiwa unasukumwa na injini. Kwa hiyo mnaoniandikia "si ununue Yamaha", nimewajibu.

Sasa ndugu zangu wa Kenya mnaonionya kwamba kuwinda ni kosa. Kwetu uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku 1977, najua. Huku kunaruhusiwa, lakini usidhani ni kubeba bunduki na kwenda. Kuna kozi, kuna leseni, kuna kibali cha jimbo cha bata, na kuna stempu. Ndiyo, stempu, kama ya barua, ina picha ya bata, dola 25, na ile ya karatasi unaitia saini kwa wino juu ya bata mwenyewe. Ipo tangu 1934, na fedha zake zinanunulia mabwawa na vinamasi wanakoishi ndege. Hiyo sina ugomvi nayo. Marisau, zile chembe zinazotoka kwenye bunduki, yasiwe ya madini ya risasi, tangu 1991 ni marufuku kwa bata nchi nzima, tunatumia ya chuma. Jaribu kumweleza mtu kwa Kiswahili kwamba risasi isiwe na risasi.

Na Jumapili, katika jimbo hili, hakuna kuwinda. Hakuna kabisa. Na siku yangu ya kupumzika ni ipi? Jumapili.

Boti yenyewe, kwa kuwa haina injini, haitaki kusajiliwa. Nikafurahi. Kumbe trela la kuibebea ndilo linalosajiliwa. Mnajua majina yetu: langu, la baba, la babu, basi. Kwenye leseni ya gari babu ndiye jina la ukoo. Kwenye grini kadi, baba. Na yule aliyeniuzia aliandika kwenye karatasi ya mauzo jina langu la kwanza tu, tena kwa herufi zake mwenyewe. Nilienda ofisini mara tatu. Mara ya tatu mama wa dirishani akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni nani kati ya hawa watatu. Nilipokwenda kununua bunduki, majina yale yale, uchunguzi wa rekodi za mnunuzi ukakwama siku kadhaa. Wengine uchunguzi wao unapita siku hiyo hiyo, kwa hiyo usichukue yangu ukaifanya sheria. Na kama hali yako ya uhamiaji si ya ukaazi wa kudumu, uliza mwanasheria kabla hujagusa bunduki, usiniulize mimi.

Haya, matengenezo. Mbao za ubavu ni mwerezi mweupe, zilikuwa nzima. Rangi ya zamani niliikwangua ikiwa imeloa, na barakoa usoni, kwa sababu rangi za kabla ya 1978 huenda zina madini ya risasi, na nina mtoto nyumbani. Kazi ilikuwa kwenye mataruma, zile mbavu za mti za ndani. Saba yalikuwa yamekatika. Ami yangu, fundi wa madau pale kijijini Matondoni, Lamu, akitaka taruma anatafuta mti ulioota umepinda, Mungu ameshamkunjia. Huku unanunua mwaloni ulionyooka unaupika kwa mvuke. Nilipiga sanduku refu la mbao, nikatia bomba kutoka kwenye sufuria iliyo juu ya jiko la gesi. Kipimo chao ni saa moja kwa kila inchi ya unene. Langu nusu inchi, nusu saa. Ukilitoa usiongee na mtu, una sekunde chache tu kabla halijagoma. La kwanza likavunjika, pwaa! La pili likavunjika. Duka liliniuzia mwaloni uliokaushwa tanurini, na niliuliza, wakasema ni sawa tu. Si sawa. Kwa kupinda unataka ule mbichi. Dola 90 zikaenda kuwa kuni.

Hapo ndipo binamu yangu mmoja, anajijua, akaandika chini ya video: "Kama kuna pesa ya kuchezea bata, ada ya mwanangu je?" Ada nilituma Januari. Nina risiti. Sisemi zaidi.

Mpaka sasa nimeshatumia zaidi ya dola 1,200, na msimu uliopita nilipata bata watano. Gawanyeni wenyewe. Kuhusu uhalali, mimi nasoma bismillahi kabla ya kufyatua na nina kisu kiunoni, lakini hilo muulize sheikh wako, kila mtu na kaburi lake.

Na kwa kuwa mtalisikia kwa wengine, niseme: mwana wa Amu nilikwama topeni kwa muda wa saa nne, mwezi wa kumi, baridi inauma. Nilitumia ratiba ya maji ya pwani, kumbe kule juu ghubani maji yanachelewa. Nilikaa nikiwatazama bata wakila mpunga wao.

Mwisho nilikalafati, pamba kwenye kila mwanya, puti ya dukani juu yake maana sifa (mafuta ya samaki) na deheni (mafuta na chokaa) huku sijaziona, kisha nikaijaza maji siku mbili mbao zivimbe. Nikampelekea ami video kwenye WhatsApp, dakika kumi, kila pembe. Nikangoja siku nzima. Akanirudishia sauti ya sekunde nane: "Hapo omo upande wa kushoto kakalafati nani? Ni wewe? Toa pamba yote, urudie."

Nimeshaanza kuitoa.