Kitenzi Kilichokunja Tanga

Ndugu zangu, leo nimekuja na kitenzi kimoja tu. Wagalisia, kule kaskazini-magharibi mwa Hispania, husema *chegar*. Kwa Kihispania ni *llegar*. Maana yake ni kufika. Asili yake ni *plicare* ya Kilatini, yaani kukunja.

Kukunja na kufika vilikutana wapi? Jibu linalopendwa ni la mabaharia. Mmeshaona jahazi likiingia bandarini: foromali inashushwa, vijana wanalidaka tanga na kulikunja kabla upepo haujalichezea. Tanga likishakunjwa, mmefika. Na Warumi kweli walikuwa na *applicare*, neno la kukileta chombo pwani.

Hadithi hii naipenda sana, ila yuko mama mmoja anayenizuia nisiimeze nzima. Ni Egeria, wa karne ya 4. Alitoka magharibi ya mbali, wengi huamini ni Gallaecia, nchi iliyoipa Galisia jina, akaenda kuhiji Yerusalemu na Sinai, na safari yake akaiandika kwa mkono wake. Akisimulia walivyousogelea Mlima wa Mungu, anatumia kitenzi hiki hiki cha kukunja. Pale ni jangwani, watu wako chini ya mlima, tanga halipo. Kumbe mapema hivyo neno lilikwisha kutembea nchi kavu!

Waromania nao wanacho, *a pleca*, lakini kwao ni kuondoka. Hueleweka kirahisi ukimfikiria mtu wa mahema: akikunja, anahama.

Msishangae *pl* kugeuka *ch* huku na *ll* kule. Ni kanuni: mvua ni *chuvia* na *lluvia*, kulia ni *chorar* na *llorar*. Maneno yaliyoingia baadaye kupitia vitabu hayakuguswa, kama *explicar*, kueleza, ambalo kwa asili ni kukunjua. Sisi wenye kunja na kunjua hatuhitaji kamusi hapo.

Kinachonigusa zaidi ni matumizi ya mezani. Kwa Kigalisia, kilichokufikia kiasi cha haja yako pia *chega*, kinatosha. Mwenyeji anakupakulia supu, bakuli linajaa, nawe unainua mkono: *xa chega*, imeshatosha. Ni kitenzi kile kile cha Egeria, sasa kiko jikoni.