Namba Ndogo Mwishoni mwa Sentensi

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Baraka, wiki hii ulikuwa na mchangiaji mpya wa Wikipedia. Hebu tusimulie.

BARAKA: Ni muuguzi, dada, kazeekea wodi ya watoto. Aliandika kwenye makala ya kuhara, Wikipedia ya Kiswahili: mtoto anayeharisha apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Rejeo hakuweka.

REHEMA: Si anajua kazi yake? Neno lake halitoshi?

BARAKA: Kwangu linatosha, maana namjua. Sasa mfikirie mama saa nane usiku, mtoto kalegea, simu iko mkononi. Yeye atamuuliza nani, "umejuaje?" Ile namba ndogo ya rejeo mwishoni mwa sentensi, inayoonyesha chanzo, ndiyo inayomjibu.

REHEMA: Akaleta chanzo gani?

BARAKA: Kwanza habari ya gazetini. Kisha utafiti mmoja, watoto wachache, hospitali moja. Nikamwambia hapana, dada yangu, tutafute mwongozo, au mapitio yanayokusanya tafiti nyingi.

REHEMA: Na hapo watu hubisha sana! Lakini kumbukeni makala ya daktari Mwingereza Wakefield ndani ya jarida la tiba la Lancet, 1998, iliyoihusisha chanjo na usonji. Watoto 12 tu, watu wakaanza kuikimbia chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida likaja kuifuta makala nzima mwaka 2010. Miaka kumi na miwili! Utafiti mmoja usiubebeshe mzigo wa dawa ya mtoto.

BARAKA: Kabisa. Basi tukafungua tamko la pamoja la WHO na UNICEF la mwaka 2004. Nikamwomba asome yeye mwenyewe, kwa sauti. Akafika mahali akanyamaza. Akasema, "Kaka, chini ya miezi sita ni miligramu 10."

REHEMA: Ehee! Na makala ilikuwa inasema 20 kwa wote.

BARAKA: Wodini halikosei hilo hata kidogo. Kuandika ndiko kulikomponyoka. Akarekebisha palepale.

REHEMA: Kuliweka rejeo lenyewe kulimsumbua?

BARAKA: Dakika mbili. Weka kishale baada ya nukta, bonyeza kitufe cha rejeo, bandika kiungo. Kama ni makala ya jarida, bandika namba yake ya DOI, yaani ya kuitambulisha mtandaoni, programu inajaza waandishi na mwaka. Ila hakikisha ilichojaza, majina huwa yanavurugika.

REHEMA: Na usibandike chanzo ambacho hujakisoma, jamani. Nawasihi.

BARAKA: Jana kanitumia ujumbe. Makala inasema pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji. Yeye anazo za nusu lita mkononi. Anataka tuandike "fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti", na chanzo anakitafuta mwenyewe.